Fundi wa Auto pale Igogo

Fundi alilinusa gari kabla ya kumsalimia mwenyewe. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oil ya giaboksi, akakipitisha chini ya pua, akafumba macho. Mwenye gari alibaki amesimama na mkono umenyooshwa, hajui aurudishe mfukoni au aendelee kungoja. Kisha ikatoka hukumu: "Safi," au, "Umeiunguza." Baada ya hapo ndipo salamu, tena ya haraka, kama ya mtoto aliyekumbushwa na mama yake.

Nilimfahamu kwa sababu ya oil hiyo. Mume wangu na mimi tulikuwa na duka la vipuri Nyamagana, kwenye njia ya kushukia stendi, na kwa muda mrefu Fundi ndiye aliyekuwa mteja pekee aliyenunua oil nyekundu ya auto, yaani giaboksi linalobadili gia lenyewe, bila kuuliza kama ile nzito ya lori haiwezi kufanya kazi hiyohiyo. Wengine wote waliuliza. Ukiwaeleza wanatikisa kichwa kukubali, halafu wananunua ya lori kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Fundi alikuja, akaweka viganja viwili juu ya kaunta, akasema, "Dada, nipe damu." Neno hilo sikulipenda, lakini nilimpa.

Wakati huo magari ya mitumba kutoka Japani ndiyo yalikuwa yameanza kuingia Mwanza kwa wingi. Kabla ya hapo gari lilikuwa Land Rover ya serikali, lori la pamba, au pikapu ya misheni. Ghafla milango ya biashara ikafunguliwa, na mtu aliyeuza samaki vizuri msimu mmoja aliweza kushuka Dar na kurudi na gari dogo linalong'aa, redio yake inazungumza Kijapani, na pale penye gia kuna fimbo yenye herufi. Herufi zenyewe zilisumbua. P watu walielewa ni kupaki, R ni rivasi, N ni nyutro, D ni kuendesha. Chini kabisa kulikuwa na L, na karani mmoja wa mahakama alijiaminisha kwamba L ni ya lami. Akaenda hadi Magu na kurudi akiwa kwenye L, injini inalia njia nzima kama mbuzi aliyefungwa kwenye karia ya baiskeli. Alipolileta gari kwa Fundi na kueleza, Fundi alimtazama kwa utulivu mkubwa.

"Na M umeiona wapi, mheshimiwa?"

"M ipi?"

"Ya matope."

Watu walicheka mpaka karani akaingia garini akajifungia. Ndivyo alivyokuwa. Fundi ninayemwandika hapa hakuwa mtu mpole. Angeweza kumweleza yule karani kwa maneno machache kwamba L ni ya kupanda mlima mkali au kuteremka na mzigo, ikamsaidia maisha yake yote. Hakumweleza. Nilimweleza mimi baadaye, alipokuja dukani kununua taa.

Nieleze kidogo jinsi auto inavyofanya kazi, maana bila hilo Fundi haeleweki. Si jambo gumu, usiogope. Ukipanda kwenye mawe ya Bugando na ndoo ya maji kichwani, unapiga hatua fupifupi. Ukifika tambarare unanyoosha hatua. Gia namba moja ni hatua fupi, nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia ya mwisho ni hatua ndefu. Kwenye manyo wewe mwenyewe unaamua lini ubadili hatua, kwa klachi na mkono wako. Kwenye auto giaboksi linaamua, na linaamua kwa kusikiliza vitu viwili: magurudumu yanazunguka kwa kasi gani, na mguu wako umekanyaga mafuta kiasi gani. Habari za mguu linazipata kwa kebo nyembamba. Ukikanyaga kidogo kebo inalegea, giaboksi linaelewa huna haraka, linabadili gia mapema. Ukikanyaga mpaka chini kebo inavutika, na giaboksi linashikilia gia ileile mpaka injini ipaze sauti ndipo libadili.

Sasa katika yale magari ya mitumba yalikuwamo machache ya mbio. Kwa nje hukuyatambua. Yalifanana na gari la mwalimu mkuu, lakini chini ya boneti injini ilikuwa nyingine kabisa. Injini ya namna hiyo haina nguvu ikizunguka polepole; nguvu zake zinaanzia pale ambapo injini ya lori ingekuwa imeshavunjika. Ndiyo maana gia zake hutengenezwa zikiwa zimekaribiana, ili ikitoka ya kwanza kwenda ya pili injini isianguke mbali ikatoka nje ya nguvu zake. Na mahali pa kubadilia panawekwa juu, karibu na ule mstari mwekundu kwenye saa ya mizunguko. Pakiwa chini mno, gari la mbio linakuwa bibi harusi aliyevalishwa gunia. Pakiwa juu mno, linapiga kelele bila faida na kujiunguza.

Mahali hapo ndipo kilipokuwa kipaji cha Fundi. Alizungusha nati ya kebo kidogo tu, akaliendesha gari kuelekea uwanja wa ndege, akarudi, akazungusha tena kidogo kuliko mara ya kwanza, akaenda tena. Hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Aliporidhika ungemwona anashuka garini akiwa amenyamaza, na uso wake ukiwa na haya kidogo, kama mtu aliyesifiwa hadharani.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliogopa mwendo. Baiskeli yake aliikokota kwenye miteremko. Akipewa lifti alikaa nyuma na kushika mlango, na dereva akizidisha alisema, "Nishushe, nina miguu." Jumapili aliimba sauti ya nne kwenye kwaya, taratibu, shati limepigwa pasi, na wanakwaya wenzake waliniapia kwamba hawajawahi kumsikia akimtukana mtu. Mimi nilishangaa tunazungumzia binadamu yuleyule.

Jambo jingine lilikuwa usiri wake. Kila alipofungua giaboksi alitundika magunia pande zote nne za mahali pa kazi, akaingia ndani peke yake. Kulikuwa na kipande cha chuma chenye vijia vingi vya kupitisha oil, ambacho ndicho kinachoamua gia ibadilike lini. Yeye alikiita ubongo. Ubongo haukuonwa na fundi mwingine yeyote pale kwenye ua wa Igogo alikofanyia kazi. Mafundi wa malori waliokuwa upande wa pili hawakuacha kumtania.

"Fundi! Unamzalisha nani huko nyuma ya magunia?"

"Mama mkwe wako! Lete maji ya moto!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa akimletea chakula mchana, na siku moja aliniambia mbele yake, "Mwanaume mzima anaficha vyuma kama anayemficha mchungaji pombe. Waonyeshe wenzako, wakusaidie." Fundi alimeza tonge lake, akasema, "Nikiwaonyesha leo, kesho wananinyang'anya wateja." Nilimwambia mama yule ana haki. Nilimwambia kwa upole, kwa sababu najua ukimbishia mtu mbele ya mkewe hasikii. Hakusikia.

Ule ua ulikuwa na historia yake. Zamani ulikuwa karakana ya malori ya ushirika wa pamba, na Fundi alifanya kazi humo akiwa fundi wa malori kama wengine. Malori yaliposimama na mali zikauzwa, ua ulinunuliwa na mfanyabiashara wa mabondo. Kwa asiyejua, bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara. Watu wa mbali wanaununua ukiwa mkavu, na pale kwetu uliwatajirisha wengi waliokuwa wakiutupa. Mnunuzi huyo wa ua sote tulimwita Tajiri, naye alifurahi kuitwa hivyo. Aliwaacha mafundi waendelee kutumia ua. Fundi alimpa kona moja ya ua kwa sharti moja: amtunzie magari yake.

Fundi alipopewa kona ile aliacha malori kabisa. Alisema wakati wa malori umekwisha na wakati wa auto umefika, na kwamba mji wote utakuja kwake. Aliuza hata spana kubwa za lori ili asirudi nyuma. Kwa hiyo kila alichokuwa nacho, chakula cha watoto, ua, na jina lake, kilisimama juu ya jambo moja: watu wa Mwanza waamini kwamba auto inaweza kuishi Mwanza.

Na ingeweza. Lakini mikono yetu ilikuwa na mazoea. Miaka ya foleni za petroli, kila dereva wa Kanda ya Ziwa alijifunza kubana mafuta kwa njia moja: ukifika mteremko, weka nyutro, acha gari liteleze lenyewe. Baba alimfundisha mwana, dereva alimfundisha utingo. Kwenye lori unahatarisha breki, lakini giaboksi halidhuriki. Kwenye auto ni kuua. Pampu inayosukuma oil ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Ukiweka nyutro injini inapumzika, pampu inapumzika, huku magurudumu yanaendelea kuzungusha vyuma vya ndani kwa kasi yote ya mteremko. Vyuma vinakimbia bila oil ya kutosha. Halafu chini ya mteremko dereva anarudisha D kwa nguvu na kukanyaga mafuta, na sahani za ndani, zile zinazoshikana ili gia iingie, zikiwa zimekwisha kupata moto, zinatakiwa zishikane mara moja. Zinaungua. Na kwenye gari la mbio, lenye injini inayoruka juu kwa mguso mmoja wa mguu, zinaungua vibaya zaidi.

Tajiri alikuwa na gari la namna hiyo, jeupe, na alilipenda kuliko nyumba yake. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, akitoa samaki misibani bila kuombwa. Sisemi alikuwa mbaya. Alianza maisha akiendesha lori la pamba, na hilo hakuacha kulitaja. Giaboksi lake lilipoungua mara ya kwanza, Fundi alilinusa, akasema, "Umeweka nyutro mteremkoni."

"Nani, mimi?"

"Gari limesema."

"Gari limesema! Wewe ulikuwa unanyonya wakati mimi naendesha lori la tani kumi, leo unifundishe mteremko?"

Fundi alilitengeneza. Likaungua tena. Sasa Tajiri akaanza kusema hotelini, mbele ya wafanyabiashara wenzake wenye magari kama lake, kwamba auto hazifai nchi hii na anayezitengeneza anabahatisha. Wateja wawili wa Fundi waliopita dukani kwangu waliniuliza kama ni kweli. Niliwaeleza habari ya pampu, mmoja akaelewa. Yule mwingine alisema, "Lakini Tajiri ana uzoefu."

Fundi alipolimaliza gari mara ya pili, Tajiri alisimama katikati ya ua na kutangaza. "Fundi, likifa safari hii, uhame. Kona yangu nitampa mtu mwingine."

"Na lisipokufa?"

"Nitasimama hapahapa niseme mimi ndiye mjinga."

"Wote wawepo," alisema Fundi. "Na useme kwa sauti."

Walikubaliana kulijaribu kwa safari ya Magu na kurudi. Mimi nina dada yangu aliyeolewa Magu, na niliposikia nikaomba lifti. Sikuwa na nia nyingine, ingawa nakiri nilitaka kuona.

Kwenda, Fundi aliendesha. Sijawahi kumwona vile. Alikaa wima, vidole vinagusa usukani kwa mbali, na tulipopita Kisesa barabara ikanyooka alianza kuzungumza. Alitueleza. Mtu aliyetundika magunia miaka yote, sasa alikuwa anaeleza kila kitu kwa sauti. "Sikilizeni. Nakanyaga kidogo. Sasa... hapo. Imebadili mapema, haina haraka. Sasa nakanyaga mpaka chini." Gari likajikusanya, injini ikapanda, ikapanda, Tajiri akashika dashibodi, na pale juu kabisa, kabla ya mstari mwekundu, gia ikabadilika. Hapakuwa na mshtuko. Ilikuwa kama kumhamisha mtoto aliyelala kutoka paja la mama hadi paja la bibi bila kumwamsha. Kisha Fundi mwenyewe akaogopa mwendo, akapunguza, na Tajiri akacheka kicheko chake chote.

"Aisee! Fundi, hili gari ni jipya."

"Halijawahi kuwa bovu, mzee. Ni mkono."

"Mkono, mkono! Haya, nimekusikia."

Magu tulikula wali kwa dada yangu, na Tajiri alimsifu Fundi mbele ya shemeji yangu mpaka Fundi akawa anatazama sakafu. Tulipotoka, Fundi alimnyooshea Tajiri ufunguo.

"Endesha wewe."

Nilimwambia, "Fundi, si umalize mwenyewe?"

"Nikimaliza mwenyewe watasema nimelibembeleza. Aendeshe yeye, lifike, ndipo nitakuwa nimeshinda."

Aliyasema hayo akitabasamu. Nimeyafikiria mara nyingi, na bado naona alikuwa na hoja.

Tajiri aliendesha vizuri. Tulipita mashamba ya mpunga, tukapita Kisesa. Alikuwa akitusimulia mnunuzi mmoja wa mabondo aliyetaka kumdanganya kwa kulowesha mzigo, hadithi nzuri, hata Fundi alikuwa anacheka. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kuingia mjini, nikauona mkono wa kushoto wa Tajiri unaondoka kwenye usukani, unashika fimbo na kuisukuma mbele. Alikuwa bado anasimulia. Macho yake hayakutazama chini. Mkono ulifanya kazi yake ya miaka yote bila kumuuliza mwenyewe. Kelele ya injini ikapungua, gari likaanza kuteleza, na kasi ikaongezeka.

"Nyutro!" Fundi alipiga kelele. "Mzee, umeweka nyutro! Usirudishe! Kanyaga breki kwanza, acha lipoe—"

"Wapi nyutro?" Tajiri akatazama chini, akashtuka, akairudisha fimbo D kwa kishindo, na mguu wake, kwa mshtuko uleule, ukakanyaga mafuta.

Tulisikia mlio kama wa bati linaloburuzwa kwenye changarawe. Injini ikapaa hadi kwenye mstari mwekundu na gari halikwenda popote. Liliteleza hadi chini ya mteremko, likasimama pembeni. Harufu ikaingia ndani. Fundi hakuhitaji kufungua boneti.

Kisha Tajiri akapiga usukani kwa kiganja. "Unaona sasa? Si nilisema?"

"Umeweka nyutro, mzee."

"Mimi? Mimi nilikuwa naongea tu!"

Nami naamini alisema alichokijua. Nilimtazama usoni, sikuona uongo. Mkono haukuwa umempa taarifa. Ndiyo maana jambo hili linanichoma mpaka leo: mwongo unaweza kumbana hadi akubali, lakini mtu asiyejua alichofanya utamfanyaje?

Siku iliyofuata watu walikusanyika uani kama ilivyoahidiwa. Gari lilikuwa limevutwa na lori. Nilikwenda, nikasema nilichokiona. Nilieleza taratibu, jinsi mkono ulivyokwenda, jinsi pampu inavyofanya kazi, kwa nini sahani zinaungua. Tajiri alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima kabisa.

"Dada yangu," alisema, "wewe ndiye unayemuuzia oil. Likifa, anakuja kununua nyingine. Sasa utasema nini kingine?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa chuki. Ilikuwa hoja nzuri.

Hapo Fundi akawageukia mafundi wa malori. "Jamani, nyinyi ni mafundi. Waambieni. Auto haitelezeshwi kwa nyutro."

Walitazamana. Yule mkubwa wao, aliyekuwa akimtania habari za magunia, alijifuta mikono kwenye kitambaa kwa muda mrefu.

"Tuseme nini, Fundi? Sisi tumewahi kuona ndani?"

Fundi alitazama magunia yake, halafu akaanza kuyashusha. Nilimfuata nikamshika mkono, nikamwambia afungue giaboksi lile palepale, mbele ya watu wote, awaonyeshe sahani zilizoungua na zile zilizobaki nzima, wajionee. "Hujachelewa," nilimwambia. Alisema, "Dada, wameshacheka." Jioni hiyo kona ilikuwa tupu.

Baada ya hapo neno la Tajiri likawa ndilo neno la mji. Auto ni ugonjwa. Wakatokea mafundi ambao kazi yao ilikuwa kuling'oa giaboksi la auto, zima au bovu, na kuweka la manyo lililotoka kwenye gari jingine. Walikata sakafu kwa patasi ili fimbo ipite. Magari ya mbio yalifanyiwa hivyo pia. Injini iliyotengenezwa kwa gia zilizokaribiana ikafungiwa giaboksi la pikapu, lenye gia zilizoachana kama meno ya mzee, na kila ulipobadili gia injini ilianguka shimoni ikaanza kupanda upya. Wenye magari walisema, "Sasa hii ni gari." Dukani kwangu oil nyekundu ilikaa mpaka makopo yakashika vumbi. Sikuacha kumweleza kila aliyeuliza. Baadhi walielewa, na magari yao yakadumu, lakini walioelewa hawapigi kelele hotelini.

Ilipita miaka. Polepole auto zikaongezeka hata hivyo, kwa sababu Dar ndizo zilizokuwa zikishuka melini, na watu wakaanza kuniuliza kama namfahamu fundi anayeweza kuzifungua bila kuziua. Nikasikia Fundi yuko Magu. Nyuma ya duka letu palikuwa na nafasi. Nilizungumza na mume wangu, akakubali, nikapanda gari kwenda kumchukua.

Nilimkuta nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, makapi yanapeperuka mpaka kichwani kwake. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Mbele yake kulikuwa na gari dogo limeinuliwa juu ya magogo, na giaboksi la auto limelala chini kwenye turubai. Alikuwa anapima mahali pa kukata sakafu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akageuka, akanitambua, akanisalimia tena kwa Kisukuma. "Dada! Mwangaluka! Nani kakuonyesha?"

Tulizungumza habari za nyumbani, za dada yangu, za mkewe ambaye alikuwa shambani. Kisha nikamweleza kilichonileta. Nafasi iko, wateja wapo, mlango ni wake, na safari hii tungewaita vijana wawili watatu wajifunze kwake. Alisikiliza huku akichora mstari wa chaki kwenye bati.

"Tajiri bado anaendesha manyo?" aliuliza.

Nilitamani asingeuliza. "Ana gari jipya. Kubwa."

"La manyo?"

"La auto."

Chaki ilisimama.

"Analipeleka kwa fundi gani?"

"Anasema analipeleka Dar. Anasema kule wana mashine za kupimia."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesomewa tangazo la msiba ambao ameshausikia. Sikuweza kumtazama usoni, nikainama kulitazama lile giaboksi lililolala chini. Kijiti cha kupimia kilikuwa kimewekwa juu yake. Nilikichukua nikakinusa, kama nilivyomwona akifanya. Oil ilikuwa safi.

"Fundi, hili ni zima."

"Zima kabisa," alisema. "Lingeenda miaka kumi."

"Sasa kwa nini unalitoa?"

Kabla hajajibu, mwenye gari akaingia akitokea barabarani, mwalimu wa sekondari, kijana mwenye shati jeupe na chaki mkononi kama Fundi. Alitusalimia sote shikamoo. Akalitazama giaboksi lake kwenye turubai kwa huruma ya mtu aliyekwenda hospitali kumwangalia mgonjwa.

"Fundi, naomba nikuulize. Kwani lilikuwa na tatizo gani hasa? Maana mimi sikuwa nasikia kitu. Nilikuja kwa sababu watu walinishauri tu. Kama lilikuwa na uhai, labda..."

Aliuliza kwa moyo wa kutaka kujua. Alikuwa tayari kuambiwa. Katika miaka yote ya kaunta sijapata mteja aliyeuliza vizuri namna ile, na nilimgeukia Fundi nikiwa karibu kutabasamu.

Fundi alinitazama mimi, akamtazama mwalimu. Akakipokea kijiti kutoka mkononi mwangu, akakifuta kwenye suruali.

"Lilikuwa limekwisha, mwalimu," alisema. "Umewahi kulileta."

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, akamshukuru tena. Fundi akachukua patasi na nyundo, akapiga magoti, akaanza kukata.